Namna ya Kulikomesha Dole Gumba

Mbunifu mwenzangu, umekabidhiwa simu ya vitufe na bosi anataka michoro kesho asubuhi. Usihangaike. Simu hainunuliwi na dole gumba. Hununuliwa na macho, ikiwa kabatini dukani, imezimwa. Ukilishika hilo, yaliyobaki ni mapambo.

1. Vuruga namba. Watu wamezoea moja ikae juu kushoto na sifuri chini katikati. Wengine huandika ujumbe bila hata kutazama. Wakomeshe. Nokia 3650, iliyouzwa 2003, ilizipanga namba kwa duara kama simu ya mezani ya babu. Ilipendeza kweli! Muda si mrefu ikatoka 3660, ndugu yake, namba zimerudi kwenye mistari. Usimkumbushe bosi.

2. Ukiwa jasiri, zifute zote. Nokia 7280 ya 2004 haikuwa na kitufe hata kimoja cha namba. Unazungusha kigurudumu, unachagua tarakimu mojamoja, na ukifika ya kumi hamu ya kuongea imekwisha. Lakini sogea nikunong'oneze: skrini yake ikizimika iligeuka kioo cha kujitazama. Nani atauliza habari za kupiga simu huku anajiona alivyo mzuri?

3. Weka kijiti. Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Kiwe kimoja, kidogo, katikati: juu, chini, kushoto, kulia, na ukikibonyeza kikubali. Sony Ericsson T610 ilikuwa nacho. BlackBerry Pearl ya 2006 ikaja na kigololi. Kijaribu ofisini penye kiyoyozi, umetoka kunawa mikono, dakika tano zinatosha. Usimpe muuza samaki, usimpe kondakta, na usikitie kabisa kwenye mfuko wa suruali wenye maganda ya karanga. Vumbi litaingia taratibu. Kwanza "chini" itagoma. Mwenye simu atajifunza kuzunguka menyu nzima kwa kupitia juu, mradi afike, na hatakulaumu wewe. Atasema vidole vyake ni vinene. Binadamu ni mvumilivu mno. Akichoka, kuna fundi wa barabarani mwenye mswaki na spiriti. Umezalisha ajira, nani kakushukuru?

4. Kitufe cha kufuta herufi kiwe pia cha kurudi nyuma. Herufi zikiisha, kimtupe mwenye simu nje ya ujumbe bila kumuuliza.

5. Iogope Nokia 1100. Nayo ni ya 2003: vitufe vimefunikwa kwa mpira mmoja, vumbi halipenyi, kitufe kikubwa cha katikati hufanya kile kilichoandikwa juu yake kwenye skrini, basi, na tochi juu. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Bosi akiitaja, muulize anapendelea rangi ya fedha au ya waridi. Aking'ang'ania, mwambie ile ni ya watu wanaopiga simu.