Mjomba Bando Anajibu: Kidole cha Mtoto na Picha za Sendofu

Barua za wiki hii zimekuja kwa mkupuo, na karibu zote ni za kilio kimoja. Mtu akiibiwa simu, mtaa mzima unajua kabla ya Magharibi. Picha zikimfutikia, analiweka moyoni, anaona haya kusema, anajaribu hiki na kile usiku wa manane, na wiki zikishapita ndiyo ananiandikia. Hizo wiki zinazopita ndizo ugomvi wangu na ninyi.

*Mjomba Bando, shikamoo. Mdogo wangu ameolewa. Picha za sendofu nilizipiga mimi kwa simu yangu, kwa sababu kamati ilisema hela ya mpiga picha imeishia kwenye keki. Jumapili nikampa mtoto wa kaka simu aangalie katuni, ana miaka mitatu, nipate kusonga ugali. Niliporudi galari ilikuwa nyeupe. Nikapakua programu inayojisifu kurudisha kila kilichofutwa. Ikanionyesha picha zetu zote, ndogondogo, ikasema nilipie ndipo nizipate. Nimelipa, na nimepewa hizo hizo ndogondogo. Mama mkwe wa mdogo wangu anazisubiri. Nifanyeje? Dada Mkubwa, Tabata.*

Marahaba, Dada Mkubwa. Kwanza mtoto asiguswe. Mtoto wa miaka mitatu aliyeshikilia picha moja mpaka ikapata tiki, akaburuta kidole zikapata tiki zote, akagusa alama ya pipa, na simu ilipomuuliza kama ana hakika akakubali, huyo atafutiwe shule, asitafutiwe fimbo.

Pili, achana na hiyo programu. Fungua galari yako uliyoizoea, utafute palipoandikwa takataka au vilivyofutwa karibuni. Kwa kawaida pamejificha kwenye vistari vitatu vya pembeni, ndiyo maana watu wanapapita kila siku hawapaoni. Galari ya Samsung hutunza kilichofutwa kwa siku 30. Google Photos hutunza siku 60 kwa picha iliyokwisha kupandishwa kwenye akaunti yako, na siku 30 kwa ile iliyokuwa kwenye simu peke yake, mradi simu iwe ya Android 11 kwenda juu. Umesema Jumapili, hukusema Jumapili ipi, na hapo ndipo presha inaponipanda. Kama ni ya juzi, zichague, gusa rudisha, ukamalizie ugali.

Sasa nikwambie ulilipia nini, maana hela ndiyo imekwenda. Galari hutengeneza nakala ndogo ya kila picha ili isichelewe kufunguka unapoperuza. Picha yenyewe ikiondoka, kile kijipicha kinaweza kubaki kwa muda. Programu hizo huviokota vijipicha na kuvipanga vizuri kama mali mpya. Ukikikuza kimoja, uso wa bibi harusi unageuka miraba ya rangi ya uji.

Nyingine zina ujanja unaochekesha zaidi. Kuanzia Android 11, kwenye baadhi ya simu picha ikitupwa haihami hata folda. Inabaki pale pale kwenye folda ya kamera ikiwa imebadilishwa jina tu: linaanza na nukta, linafuata neno *trashed*, kisha namba ndefu ambayo ni saa iliyopangwa ya kuifuta moja kwa moja. Faili likianza na nukta, galari inajifanya haijaliona. Programu inalikuta, inakupigia vigelegele kwamba "imepatikana", kisha inakutajia bei. Umeuziwa kilichomo kwenye pipa lako mwenyewe.

Na siku za pipa zikiisha? Sikufichi kitu. Simu zilizoingia sokoni na Android 10 na za baada yake zinatakiwa kuhifadhi mafaili yako yakiwa yamefungwa kwa msimbo, na faili likifutwa kabisa, kinachohitajika kulifungua kinafutwa nalo. Juu ya hapo, ukiiacha simu kwenye chaji usiku, yenyewe huiamuru hifadhi yake isafishe nafasi zilizoachwa. iPhone nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo atakayekuapia kwamba atachimba ndani ya simu mpaka aibue picha za miezi iliyopita, muulize kwa upole ufunguo kaupata wapi.

Lakini Dada Mkubwa, usinidanganye. Picha za sendofu ya Dar es Salaam hazijawahi kulala kwenye simu moja. Ulizituma usiku ule ule, viatu hujavua: kwenye grupu la kamati, kwa shoga yako, kwa mshona gauni aliyetaka kuona kazi yake. Kwenye Android, WhatsApp inayo folda yake ya picha, na ndani yake folda nyingine ya ulizozituma. Mtoto anaweza kuwa amefuta za kamera na hizi zimebaki, kaangalie. Zikiwa hazipo, wenzako wanazo. WhatsApp huzibana, kwa hiyo hazitarudi na ukali wake wa mwanzo. Kama kuna aliyetumiwa kwa njia ya hati badala ya njia ya picha, huyo ndiye mwenye nakala kamili, mtafute kwanza.

Najua unachowaza. Grupu la kamati ulijitoa kimyakimya kwa sababu ya ile ahadi ya mchango ambayo hujaimaliza. Basi bei ya picha zako inajulikana, na mweka hazina anayo namba ya kupokelea.

Wala usijione mshamba. Mwaka 1998 kule Marekani, studio ya Pixar ilikuwa inatengeneza *Toy Story 2*, mtu akaandika amri moja kwenye kompyuta na filamu ikaanza kufutika mbele ya macho yao, wahusika mmoja mmoja. Nakala za akiba nazo zikakutwa hazifanyi kazi. Kilichowaokoa ni mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na akawa anafanyia kazi nyumbani, kwa hiyo kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Wakaenda kuichukua, wakaizungushia mablanketi ndani ya gari, wakairudisha ofisini taratibu. Studio yenye mitambo yote ile, na picha zilikuwa kwa mzazi mwenye kichanga. Anza na mashangazi zako.

*Bwana Bando, salaam aleikum. Nina simu ya zamani yenye memori kadi ya GB 16. Kadi ilianza kusumbua, simu ikauliza kama niifomati, mimi nikakubali nikidhani ndiyo kuitengeneza. Mlikuwa na picha za marehemu mama yangu, za Idi yake ya mwisho. Hazipo kwingine. Kijana wa hapa ameniambia nipige picha nyingine mbili tatu aone kama kadi ni nzima. Mzazi, Bagamoyo.*

Wa alaikum salaam, mzee wangu. Mungu amrehemu mama. Kabla hujamaliza kusoma sentensi hii zima simu, toa kadi, ifunge kwenye karatasi, iweke kabatini. Huyo kijana mwambie asante. Asiipige hata picha moja.

Wewe una matumaini kuliko Dada Mkubwa, kwa sababu kadi za namna hiyo kwa kawaida hazifungwi kwa msimbo. Kufuta kwenye kadi ni kama mjumbe wa nyumba kumi kukata jina lako kwenye daftari: nyumba ingali imesimama na vyombo vimo ndani, ila ofisi inakihesabu kiwanja kuwa wazi, na yeyote akija anaruhusiwa kujenga juu yake. Kufomati kwa haraka, kule kunakochukua sekunde chache, mara nyingi ni kuanzisha daftari jipya tu. Picha mpya ndiyo anayekuja kujenga. Hizo mbili tatu za kijana zingeweza kuangukia hasa pale alipokaa mama.

Tafuta mwenye kompyuta na kisomeo cha kadi. Ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec, aliyeiandika ni Mfaransa Christophe Grenier. Haina urembo: ni skrini nyeusi yenye maandishi meupe, mtu anaweza kudhani kompyuta imeharibika. Yenyewe hailisomi daftari. Inapita kadi nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, ikitafuta alama ambazo kila picha ya JPEG huanza nazo, FF D8 FF, na ikizikuta inakusanya kinachofuata. Kwa sababu haikusoma daftari, picha zitatoka bila majina wala mpangilio. Zitaitwa f na rundo la tarakimu, na utazipitia moja moja. Utakutana na stakabadhi za saruji, mbuzi wa jirani, na picha ambazo nusu ya juu ni nzima na nusu ya chini ni kijivu, kwa sababu kipande chake kilishajengewa. Usikate tamaa katikati ya rundo.

Jambo moja msimamie huyo mwenye kompyuta: vinavyopatikana avihifadhi kwenye kompyuta, asivirudishe kwenye kadi hiyo hiyo. Wapo wanaofanya hivyo, wakafuta kwa mkono wa kushoto walichookoa kwa wa kulia.

Hesabu hii haikufai kama siku ulipoiweka kadi ulichagua itumike kama sehemu ya hifadhi ya simu. Hapo simu huifunga kwa ufunguo wake, kompyuta haitaona kitu cha maana. Lakini simu ya zamani na kadi ndogo, nadhani hukuchagua hivyo. Niandikie ukizipata.

Na wengine mnaonunua kadi za GB 512 njiani kwa bei ya chipsi mayai: nyingi zimechezewa zidanganye ukubwa wake. Ukishajaza nafasi iliyopo kweli, ama zinapoteza unachoandika ama zinaandika juu ya cha zamani, na simu haikuambii. Msiniletee kilio cha kadi hizo.

*Mjomba, simu ilikuwa imejaa. Nikaona picha zangu zipo wingu na zipo kwenye simu, yaani mara mbili, nikafuta za wingu ili zibaki za simu. Zimeondoka zote. Hii ni haki? Mtumishi, Dodoma.*

Ni haki kabisa, ulisaini ulipobonyeza "kubali". Ulichoona mara mbili, Google Photos inakihesabu kitu kimoja: ukifuta upande mmoja wakati uhifadhi umewashwa, inafuta na mwingine. Ulichotakiwa kutumia ni chaguo la kupunguza mzigo kwenye simu, ambalo huondoa zile zilizokwisha kupanda na kuziacha juu. Zako zilikuwa zimepanda, kwa hiyo unazo siku 60 kwenye takataka. Nenda leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Na ule ugonjwa wa nafasi unao tangu tarehe 1 Juni 2021, Google ilipoacha kupokea picha bila kikomo. Sasa una GB 15 za bure, na zinagawanywa na barua pepe zako. Video za mahafali ya watoto wa watu wengine zinakula humo humo.

*Mjomba, sina swali langu, ni la rafiki yangu. Ana iPhone. Amefuta picha fulani za zamani kabla ya kuoa. Je, zinaweza kurudi zenyewe? Rafiki wa Rafiki, Mombasa.*

Mwambie rafiki yako, ambaye nashangaa ana mwandiko wako, kwamba iPhone huziweka kwenye albamu ya zilizofutwa karibuni kwa siku 30, na Apple wenyewe wanasema zinaweza kufika 40. Aingie humo azifute mara ya pili. Kisha mwambie pia kwamba Mei 2024 lilitoka sasisho la iOS 17.5, na baadhi ya watu wakaamka wakakuta picha walizozifuta miaka iliyopita zimejipanga upya kwenye galari, juu kabisa, kana kwamba zimepigwa jana. Apple walisema ni hitilafu ya kanzidata, wakarekebisha baada ya wiki moja. Wiki moja ni ndefu sana kwa ndoa changa. Azungumze na mkewe.

*Mjomba Bando, unatuharibia riziki. Siku hizi mteja akileta simu ananiambia "Mjomba kasema usiflashi." Sasa tule nini? Fundi, Kariakoo.*

Fundi wangu, mkono mtupu haulambwi, nalijua hilo. Lakini kuflashi hakurudishi picha, na simu nyingi ukizifungua kufuli ya mfumo zinajifuta zote. Anayekuja kwako analia picha, ukamrudishia simu nyepesi na safi, amekulipa umalizie msiba.

Kazi ya halali unayo tele. Mwenye kioo kilichopasuka kikawa cheusi anadhani picha zake zimekufa, kumbe zimo tu, hana pa kuzionea. Simu nyingi za Android ukizichomekea mausi kwa waya wa OTG na kioo cha mkopo, zikifunguliwa kwa namba yake ya siri, unanakili kila kitu. Iliyoingia maji vilevile: tengeneza bodi iwake hata kwa dakika ishirini, kwa sababu ufunguo umefungamana na simu yenyewe, kung'oa chipu ya kumbukumbu na kuihamishia kwenye bodi nyingine hakusaidii. Kazi hiyo inataka jicho na mkono, itoze vizuri. Andika ukutani bei ya kujaribu, na pembeni yake bei ya kupata, ili mteja asijue tofauti baada ya kukaa kwenye benchi saa tatu.

Na picha zikirudi, fungua moja tu kuhakikisha zinafunguka. Nyingine si zako.