Namna ya Kusuka Mkeka wa Mechi Kumi

Chagua timu za uhakika, zinazocheza nyumbani dhidi ya wachovu. Tuseme kila moja ina uwezekano wa asilimia 80 wa kushinda. Moyo umetulia? Vizuri, mkeka husukwa na moyo uliotulia.

Sasa zitie zote kumi kwenye mkeka mmoja. Kubeti mechi moja moja kutakuletea nauli, na wewe hukuja mjini kutafuta nauli. Ila kalamu usiiguse, maana mwenye kalamu atazidisha. Matukio yasiyotegemeana huzidishwa: 0.8 mara 0.8 ni 0.64, ya tatu ikiingia, 0.512, hapo huna tofauti na mrusha sarafu. Ya kumi ikifika umebakiwa na 0.107. Yaani katika mikeka kumi ya namna hiyo, kama tisa inachanika. Na hizo ni timu za uhakika.

Odi nazo usizikague. Timu ya asilimia 80 ilistahili odi ya 1.25; ukipewa 1.20, shukuru, pungufu ni senti tano tu. Tatizo ni kwamba senti tano nazo zinazidishwa. Kwa dau la shilingi 1,000, mkeka wa haki ungelipa 9,313. Wako utalipa 6,192. Jezi zenye jina la kampuni ya kubeti kifuani hazijinunui.

Wajanja hujaribu kuunganisha "Simba ishinde" na "Simba ifunge bao" katika mechi ileile. Wazo zuri: ya kwanza ikitimia, ya pili imetimia nayo, kwa hiyo ungelipwa mara mbili kwa jambo moja. Bahati mbaya kampuni nayo ilisoma hesabu. Kwa kawaida mkeka huo utakataliwa, au odi zake zitapunguzwa.

Kilichobaki ni kujiandaa kusimulia kijiweni. Uwezekano wa kupata mechi tisa na kukosa moja ni karibu asilimia 27, mara mbili na nusu ya uwezekano wa kushinda mkeka wenyewe. Kwa hiyo "moja tu ndiyo imenichania" si mkosi wala si fitina ya refa. Ndivyo hesabu inavyotarajia. Chagua kipa wa kumlaumu kabla mechi hazijaanza, maana utamhitaji kuliko hiyo laini ya kupokelea pesa.