Uainishaji wa Sungura wa Kisikini, kwa Mujibu wa Sebule Moja ya Rexdale

Antti Aarne alizipanga ngano kwa namba mwaka 1910; mwaka 1937 Wolfram Eberhard akazipanga za China. Mabingwa hawa waliacha pengo moja. Hawakusema ngano hupatwa na nini ikisimuliwa kwa Kiswahili, katika fleti ya Rexdale, na bibi aliyeazima kitabu maktaba ya Albion kwa kupendezwa na picha. Pengo hilo tunaliziba leo. Uwanja wa utafiti ni zulia, watafitiwa ni wajukuu watatu, na posho yao ni maandazi.

Tabaka A: ngano zinazokubalika madhali zinamhusu mtu mwingine. Kong Rong, mtoto wa miaka 4, alichagua pea ndogo kuliko zote, kubwa akawaachia wakubwa wake. Bibi alisimulia huku sahani ikizunguka. Kitindamimba akaitikia kwa adabu, akachukua maandazi madogo. Manne.

Tabaka B: ngano za koleo. Yu Gong, mzee wa karibu miaka 90, aliazimia kuichimba milima miwili iliyomzibia njia, mpaka mbingu zikatuma wawili wakaibeba. Hii mimi huitumia Januari, greda likishatujengea ukuta wa theluji mbele ya gari. Kijana wangu huegemea koleo na kuuliza, “Baba, hao wawili walifika siku ya ngapi?”

Tabaka C ndilo lililotukosesha usingizi. Han Feizi, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, anasimulia habari za mkulima wa Song aliyemwona sungura akikimbia, akajigonga kisikini, akavunjika shingo. Mkulima akaweka jembe chini, akakaa kusubiri wa pili. Wasomi wote tuliowahi kuwasikia wanaona hapo ujinga wa kungojea bahati.

Wajukuu walikataa katakata. Sungura? Huyu anayewazuga Simba na Fisi kila Jumamosi, auawe na kisiki?

“Ndivyo ilivyoandikwa, mjukuu wangu,” bibi alijitetea, kwa sauti ya mtu ambaye naye haamini.

Nadharia ya mjukuu wa kati tunaiweka hapa kama tulivyoipokea. Sungura hakufa, alijifisha. Shida yake ilikuwa jembe: likitupwa, magugu yataota, na ukoo wake mzima utapata pa kulia na pa kujificha. Nilipinga kisomi, nikasema mkulima alimbeba maiti akaenda naye nyumbani. Nikajibiwa kwamba alipofika alikuta kapu tupu, akaona haya kumwambia mkewe, ndiyo maana kesho yake alirudi pale pale kisikini.

Nilirejea kwenye matini kutafuta ushahidi wa kumnyamazisha. Han Feizi anasema tu kwamba mkulima hakupata sungura mwingine, akachekwa nchi nzima ya Song. Nani alianza kucheka, hasemi.