Kula Bata Siku Tatu: Miji Saba kwa Anayetokea Nyakahanga

Kahawa imeuzwa, pesa imeingia, ada za watoto zimelipwa. Sasa unataka siku tatu za mjini: nguo za kutokea, chakula cha kupikiwa, na picha za kuwaumiza roho waliobaki Omurushaka. Swali ni mji gani. Nimeipanga saba, kuanzia wa mkiani hadi bingwa. Nimepima kwa mambo matatu tu: muda utoshe, mji uwe na umaridadi, na urudi na kitu cha kusimulia. Ubishi unaruhusiwa, tena unatakiwa.

7. Dar es Salaam

Bahari ipo, biriani ipo, muziki upo mpaka alfajiri. Tatizo ni basi: zaidi ya kilomita 1,300. Ukishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi miguu imevimba, kesho yake unalala, keshokutwa unatafuta tiketi ya kurudi.

Hukumu: Dar ni likizo, siyo wikiendi. Mwenye nauli ya ndege kutoka Bukoba aruke, atatusimulia.

6. Asmara

Imeingiaje humu? Kwa umaridadi. Afrika Mashariki nzima hakuna mji wenye sura ya Italia kama huu, na UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2017. Kuna sinema ya Impero ya 1937. Kuna kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero cha 1938, kimejengwa kama ndege, mabawa mawili ya zege yananing'inia bila nguzo hata moja. Husimuliwa kwamba siku ya kuondoa miti ya kushikilia zege mafundi waliogopa, na mhandisi Giuseppe Pettazzi akamtolea mmoja wao bastola ili kazi iendelee. Mabawa hayajaanguka mpaka leo.

Mitaa hiyo mizuri ilijengwa huku wenyeji wakitengwa kwenye mtaa wao wa Aba Shaul, kwa hiyo sifa ya mji kuwa bado unapendeza wapewe Waeritrea walioutunza. Jioni wanatoka wamevaa vizuri na kutembea taratibu barabara kuu, bila kwenda popote. Mambo yangu hayo kabisa. Lakini viza, na kibali kingine ukitaka kutoka nje ya jiji, vinakula siku zako kabla hujafungua begi.

Hukumu: mrembo, ila mlango wake mzito.

5. Kampala

Unapita Mutukula, unaunganisha Masaka, na pale Kayabwe unavuka ikweta: mguu mmoja kusini, mmoja kaskazini, piga picha, twende. Ukifika, kula roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai, ikitoka kwenye chuma moto moto. Panda mnara wa msikiti mkubwa wa Old Kampala uliofunguliwa 2008. Ngazi zinapita 300, na juu kule unaviona vilima vyote vimelala chini yako. Kisha ingia Owino kwenye mitumba. Mtu anayejua kuchambua anatoka amevaa kama wa Milano, na huenda shati lenyewe limetoka huko kweli.

Hukumu: Kampala inachangamsha, haipumzishi. Foleni peke yake ni nusu ya ziara.

4. Mwanza

Mji huu umepanda daraja kwa sababu ya daraja. Zamani ungefika Busisi ukakaa kukingoja kivuko, jua linawaka, muuza mayai anakuzunguka. Tangu Juni 2025 unapita juu ya maji kilomita 3 na hakuna wa kukwambia ngoja. Jiwe la Bismarck bado limejishikilia ziwani kwa namna isiyoeleweka, sato bado anakuja mzima na kichwa chake, na kwa mpenzi wa Italia upo mtaa wa Capri Point, wenye jina la kisiwa cha huko na upepo mzuri wa jioni.

Hukumu: Mwanza ni mji wa tumbo na macho. Kiatu cha kisigino kirefu acha nyumbani, mawe hayana adabu.

3. Milano

Nasikia kelele. Siku tatu Milano, kutokea Nyakahanga? Ndiyo, tatu za huko huko; safari ihesabu pembeni.

Imeipita Mwanza kwa sababu ya kahawa. Italia ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania, na robusta, ndugu wa hiyo unayoianika mbele ya nyumba, ndiyo wachanganyaji wengi wa huko wanayoitia kwenye espresso ili iwe nzito na ipate lile povu la rangi ya dhahabu. Mkulima wa Karagwe au Kyerwa ana haki ya kwenda kuona mali yake inaishia wapi. Inaishia kwenye kikombe cha mafunda mawili. Unakinywa umesimama kaunta, unalipa, unatoka. Ukikaa kwenye meza bei inapanda. Sisi tunaomkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani ya kunukia, tukaongea mpaka jua lizame, tutawaona wana haraka ya ajabu. Lakini kionje. Kizuri.

Baada ya hapo nenda Duomo, kanisa kuu lao. Walianza kulijenga 1386 na lango la mwisho likawekwa 1965, kwa hiyo mwenye pagale lisilo na bati apate moyo. Paa lake linapandwa na kutembelewa, katikati ya msitu wa minara ya mawe. Mchoro wa Leonardo wa Karamu ya Mwisho unauona kwa dakika 15, kwa tiketi ya kukata mapema sana, halafu unatolewa kwa heshima. Mtaa wa Montenapoleone, penye nguo za bei ya ng'ombe wazima, kuangalia ni bure.

Kituko chao kikubwa kipo sakafuni kwenye Galleria Vittorio Emanuele II. Pana fahali wa vigae vidogo vidogo, na watu wanapanga foleni kuweka kisigino juu ya korodani zake na kuzunguka mara tatu ili wapate bahati. Wamezunguka mpaka pamechimbika shimo. Kwetu, nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, fahali hajawahi kukosewa heshima kiasi hicho.

Gharama ya kuingia sasa: viza ya Schengen euro 90 ambazo ukinyimwa hazirudi, bima ya matibabu yenye kinga isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, na vidole vyako mwenyewe vikachukuliwe alama, maana haviendi kwa posta. Yaani kabla ya Milano lazima uende Dar. Soma tena namba 7.

Hukumu: viza ingekuwa inatolewa Kayanga, Milano ingekuwa ya kwanza.

2. Bukoba

Ndugu zetu Wahaya watakwambia mji wao ni Ulaya ndogo, na watakwambia kwa Kiingereza. Wasikilize, kwa sababu kwa siku tatu hawako mbali na ukweli. Lami inakushusha hadi Kyaka, penye daraja lililovunjwa na majeshi ya Amin 1978, na kabla hujamaliza kusinzia ziwa limetokea. Kisiwa cha Musira kipo mbele yako. Ndani ya kanisa kuu amelala Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kuvaa kofia nyekundu, mwaka 1960. Na ukilenga Novemba, senene: wamenyonyolewa mabawa na miguu, wanakaangika kwa mafuta yao wenyewe, wanalia kwenye sufuria kama mvua juu ya bati.

Imekosa namba 1 kwa jambo moja. Ukifika Bukoba, kila baada ya hatua kumi unakutana na shemeji, mwalimu wako wa zamani, au mtu unayemdai. Kula bata kunataka mahali usipojulikana.

Hukumu: mji mtamu, mashahidi wengi.

1. Kigali

Shika barabara ya Benako mpaka Rusumo, na pasi yako mkononi. Ukivuka mto Kagera saa nane mchana, upande wa pili ni saa saba. Mji gani mwingine unakupa saa nzima ya bure kabla hata hujaagiza soda? Dereva anahamia kulia, mfuko wa plastiki unabaki nyuma (wao waliupiga marufuku 2008, sisi 2019), na kuanzia hapo ni vilima na lami safi. Bodaboda wa Kigali anakupa kofia ngumu na anasimama kwenye taa nyekundu hata pasipo na gari. Inabidi uone ndipo uamini.

Umaridadi? Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba ili watu washone na kuvaa vya kwao. Marekani ikakasirika, na 2018 ikazifungia nguo za Rwanda njia ya kuingia bila ushuru. Hawakurudi nyuma. Nyamirambo utakuta fundi anayekupima kwa Kiswahili, mishikaki inageuzwa kwa Kiswahili, na ubishi wa mpira kwa Kiswahili pia.

Asubuhi ya kwanza, kabla ya hayo yote, nenda kumbukumbu ya mauaji ya kimbari pale Gisozi, walipozikwa zaidi ya watu 250,000. Wazee wetu wanakumbuka 1994, watu walivyovuka Rusumo na kambi zilivyojaa Ngara na Karagwe. Jirani anastahili hiyo asubuhi. Jioni utacheza.

Angalizo: Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda. Maduka yanafungwa na wananchi wanashika majembe. Chagua wikiendi nyingine, au nawe ushike.

Hukumu: bingwa. Wa Bukoba wana haki ya kukata rufaa; waje na senene, kesi itasikilizwa.