Sifa za Sisimizi wa Firauni

Wenye kusifu simba na wasifu. Mimi namsifu mdudu wa milimita mbili, manjano mwili mzima, weusi kidogo kwenye ncha ya tumbo: sisimizi wa Firauni. Jina hilo la kifalme alipewa na mwanasayansi Linnaeus mwaka 1758, na amelistahili kuliko mwenyewe. Firauni alizama majini. Huyu huingia mpaka ndani ya mpira wa dripu.

Wodini hana mpinzani. Ndugu wa mgonjwa wamesimama getini na hotipoti, wanabembelezana na mlinzi kwa kuwa saa ya kuona wagonjwa haijafika. Yeye amekwisha kupita kwenye ufa wa swichi, amefuata bomba la maji ya moto, amepenya pakiti ya bandeji tuliyoambiwa haijaguswa na mkono wa mtu. Na kweli, haikuguswa na mkono. Kwenye kidonda anakunywa majimaji taratibu, kisha anamjulia hali wa kitanda cha pili. Alikotoka ni kwenye sinki na ndoo ya taka, na glavu havai. Mwaka 1972 S. H. Beatson aliandika katika jarida la Lancet juu ya vimelea vya maradhi vilivyobebwa na sisimizi hawa katika hospitali za Uingereza. Baridi ya huko ingemuua nje. Hospitali humpa joto mwaka mzima, bila bili.

Lakini ukubwa wake hasa huonekana siku ya kupuliziwa dawa. Kundi moja lina malkia wengi, wala makundi hayagombani. Wakihisi dawa, vibarua hubeba mayai na mabuu, wakaongozana na malkia mmoja au wawili, wakahamia ukuta wa pili. Bwana afya anaondoka na pampu yake mgongoni, hati imesainiwa, na wodi iliyokuwa na kundi moja sasa ina manne. Serikali gani imewahi kufungua matawi kwa kasi hiyo, tena kwa bajeti ya adui?

Kinachomwangusha ni ukarimu. Ukimtegea chambo chenye sumu ya polepole, hali peke yake: hukibeba nyumbani akawalisha malkia na watoto, kundi likaisha. Tatizo ni kwamba kazi hiyo huchukua majuma, na mganga mkuu anataka kuona maiti sakafuni kabla waziri hajaja Ijumaa. Basi inaletwa tena pampu.