Usiku Betri ya Ndege Ilipochemka Stoo

Mume wangu alishuka kwenye bodaboda jioni ya Jumamosi, amepakata karai. Ndani ya karai, betri. Si ya gari, ya ndege: Piper Super Cub ya viti viwili aliyoachiwa aitunze pale kiwanja cha Ikanga, Voi, mwenye ndege akiwa safarini kwa miezi mitatu. Fundi wa ndege alikuwa ameing'oa akampa maagizo: isikae bila chaji. Joto la Voi halina huruma kwa betri. Kila nyuzi 10 zinapoongezeka, chaji hupotea karibu mara mbili kwa kasi, na betri ya risasi ikikaa muda mrefu chini ya volti 12.4, salfeti huganda kwenye sahani zake.

"Mama watoto, ndege inapoegeshwa hakuna stima. Nitaichajia hapa."

Chaja tulikuwa nayo, lile sanduku la chuma alilotuachia baba mkwe, alilochajia Peugeot 504 yake. Akaiunganisha stoo saa tatu usiku, tukalala.

Saa nane mama mkwe akapiga kelele. "Amkeni! Mbona kunanuka mayai viza?"

Nilifungua mlango wa stoo nikakuta betri inatokota, imetuna ubavuni, na hatua tatu kutoka hapo makaa ya jiko bado mekundu. Mume wangu akakimbilia vibanio. "Usiguse!" mama akamkemea. "Zima ukutani kwanza!" Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha: betri iliyochajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, na cheche moja ya kibanio inatosha kuilipua. Nililibeba jiko hadi uani mikono ikinitetemeka. Asidi iliyomwagika tuliipangusa gizani kwa kitambaa cha kwanza kilichoshikika, kumbe ni shati la shule la binti yetu. Lilipofuliwa Jumatatu lilijaa matundu.

Betri ilikufa. Tuliuza mbuzi wawili kulipia nyingine.

Safari hii mama alishuka nasi kutoka kwetu Mbololo hadi Voi mjini kununua chaja. Fundi alikuwa ametuonya tuulize volti kabla ya bei: ndege yetu ni ya 12, lakini Cessna nyingi za miaka ya karibuni ni za 24, na chaja ya 24 ingeiua betri yetu haraka kuliko lile sanduku. Betri mpya ni ya AGM, iliyofungwa, haiongezwi maji. Ikichemka hairekebishiki tena. Kwa hiyo tulitaka chaja inayoitambua aina hiyo, inayopanda hadi volti zilizoandikwa na mtengenezaji, kwetu 14.4, kisha ishuke yenyewe hadi kama 13.5 na kubaki hapo. Sanduku la baba mkwe halikujua kushuka. Lilisukuma umeme usiku kucha ndani ya betri iliyokwisha kujaa, na umeme ule ukawa unapasua maji kuwa gesi.

Muuzaji alitusukumia kubwa ya ampea 20. "Hii inajaza haraka, mama."

"Haraka ya nini," mama mkwe akamjibu, "na ndege imelala miezi mitatu?"

Tulichukua ya ampea 2. Sasa betri inakaa barazani penye hewa, mbali na jiko. Jumapili tuliichomoa, tukaipumzisha usiku kucha, tukaipima asubuhi: volti 12.8. Mama mkwe ameiandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo.