Muulize Babu Sindano: Laptopu Imejaa na Harusi ni Jumamosi

"Shikamoo Babu Sindano. Napiga muziki kwenye sherehe huku Mbagala. Laptopu yangu ni ya mtumba, rami gigabaiti 4, diski gigabaiti 128, na nafasi iliyobaki haifiki gigabaiti 2. Ikielemewa inaganda. Jumamosi nina harusi. Nisaidie. Ni mimi, Mwenye Kuganda, Mbagala."

Marahaba, mjukuu wangu. Umefanya jambo la maana kuniandikia mimi, si wale vijana wenu wa kofia kisogoni. Jina hili la Sindano sikupewa hospitali. Nilipewa Ngamiani, Tanga, mwaka 1983, na umati uliokuwa ukicheza, baada ya kuona sindano ya santuri inavyokitii kidole changu kama mtoto wa chuo anavyomtii mwalimu. Kulikuwa na binti mmoja pale usiku ule, mrefu, kajitanda kanga ya rangi ya machungwa, akanitazama hivi. Lakini hayo nitakusimulia nafasi ikiruhusu.

Tuanze na hilo neno lako, "imejaa". Diski yangu mimi ilikuwa makreti mawili. Santuri moja kubwa na jalada lake ni kama robo kilo. Ukichukua mia, una kilo 25 kwenye keria ya baiskeli, na barabara ya enzi zile haikuwa na huruma. Kwa hiyo ulichagua nyumbani, taa ikiwaka, akili ikiwa imetulia. Wewe unachagua ukumbini, MC anapiga kelele kwenye maiki, na mbele yako kuna maelfu ya nyimbo ambazo nusu yake hujawahi kuzisikia hata siku moja. Halafu unasema laptopu ndiyo inayoganda.

Piga hesabu. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 2.4 kwa kila dakika. Wimbo wa dakika 5, megabaiti 12. Gigabaiti 60 zinabeba nyimbo 5,000. Ukizipiga zote mfululizo, harusi iliyoanza Jumamosi inaingia siku ya kumi na nane, mapambo yamenyauka, na kamati imeanza kugombana upya. Harusi ya saa tano haimalizi nyimbo mia. Weka mia tatu, maana kuna mjomba atakayekuja na ombi lake la ajabu. Zilizobaki ni mali ya urithi, na mali ya urithi haitembezwi ukumbini.

Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Sahani za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kama dakika tatu hivi. Dakika tatu! Taarab, ambayo mwimbaji akinogewa anaweza kuanza magharibi na kumaliza isha! Walibana, wakakata, wakaimba, na jina lake liko hapa leo. Hakumwandikia mtu barua kulalamika kuhusu nafasi. (Angeniandikia mimi ningemjibu, lakini nilikuwa sijazaliwa, jambo ambalo hadi leo naliona kama uzembe wa wazazi wangu.)

Sasa, namna ya kuachana na nyimbo. Hapa wengi huharibu kwa kutojua fikihi. Ukibonyeza kitufe cha kufuta mara moja, wimbo hautoki. Unakwenda kwenye kapu la taka, na mle ndani upo eda. Hiyo ni talaka rejea: bado yumo nyumbani mwako, bado anakula chakula chako, na nafasi ya diski haiongezeki hata chembe. Ndiyo maana mmoja wenu alinipigia simu analia kwamba amefuta nyimbo elfu mbili na laptopu bado inamwambia imejaa. Lazima ukalimwage kapu lenyewe. Hapo ndipo zinatimia tatu. Kabla ya kutoa tatu, nakili kwanza kila kitu kwenye diski ya nje, kwa sababu talaka tatu hazina kurudi, na wimbo uliofutwa Ijumaa ndio huo huo mama wa bwana harusi atauomba Jumamosi.

Kwenye nyimbo, anza na mafaili ya WAV. Mimi nina masikio ya kunguru, nasikia sindano ikigusa vumbi, na bado nakwambia: yale hula zaidi ya megabaiti 10 kwa dakika, mara nne na ushee ya MP3 niliyokutajia, na kupitia spika za kukodi za ukumbi wenye bati juu, hata popo hatambui tofauti. Ila usije ukachukua wimbo wa kilobiti 128 ukaugeuza kuwa 320 ukidhani umeupandisha daraja. Huko ni kuongeza maji kwenye mchuzi: sufuria imejaa, ladha ni ile ile iliyopungua.

Na kuhusu MP3, niseme ukweli ambao historia imeuficha. Wanasema waliohangaika nayo ni Wajerumani wa Taasisi ya Fraunhofer, akiwemo Karlheinz Brandenburg, ambaye alirudia kuusikiliza wimbo wa Suzanne Vega, "Tom's Diner", wa sauti tupu bila ala, ili ajue mbinu yake inaharibu sauti au haiharibu. Mbinu yenyewe ni kutupa kile ambacho sikio halitakisikia kwa sababu kimefunikwa na sauti kubwa zaidi. Kama vile ngoma ikilia hakuna anayemsikia mbu, basi mbu anatolewa nje, na nafasi inapatikana. Jina la faili lao, lile la nukta mp3, lilipitishwa Julai 1995. Mimi mwaka 1986 nilikuwa nimekwisha kufanya hayo hayo kwa kanda na mkasi. Nilikata sehemu zote ambazo watu wa Tanga hawakuzicheza, nikaunga kwa gundi. Wimbo mmoja ulibaki wa sekunde arobaini. Ulipendwa sana. Hakuna aliyenipa taasisi.

Umesema diski ni gigabaiti 128. Najua, ukifungua Windows unaona 119, na ulishamtukana fundi wa Kariakoo aliyekuuzia. Mwombe radhi. Muuza vitenge anakupimia kwa yadi, fundi cherehani anapima kwa mita: yadi 128 ukizifikisha kwa fundi ni mita 117, na hakuna aliyekuibia kitambaa. Kiwanda cha diski huhesabu kwa elfu elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Kitambaa ni kile kile. Ambacho ni wizi ni ile folda ya vipakuliwa iliyojaa muvi, video za WhatsApp za mwaka juzi, na masalia ya Windows ya zamani yaliyobaki baada ya kusasisha. Toa hayo kabla hujagusa wimbo hata mmoja. Kisha acha kama asilimia 15 ya diski ikiwa wazi. Kompyuta yenye rami ndogo inapoelemewa hukopa nafasi kwenye diski, na ikikuta diski nayo haina kitu, inasimama pale pale kama mtu aliyekwenda kukopa akamkuta mkopeshaji naye yuko njiani kukopa.

Kuganda nako kuna dawa yangu maarufu, niliyoitoa kwenye safu hii mara nyingi na ambayo wasioiamini wameendelea kuganda. Ifungishe. Ndiyo, laptopu ifunge. Kuanzia saa kumi alasiri ya siku ya harusi, isile kitu chochote isipokuwa muziki: intaneti izimwe, kivinjari kifungwe, masasisho yasimamishwe, antivairasi iambiwe ikague kesho. Umeme uwekwe kwenye uwezo wa juu, usiachwe kwenye kubana matumizi. Chini ya miguu yake weka vizibo vinne vya soda, feni ipumue; vumbi likiwa limeziba feni, joto linapanda na prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Wapo wanaoiweka juu ya sinia la barafu. Mimi nilijaribu, kwenye sherehe moja ambayo sitaitaja. Laptopu ilipoa kabisa, na haijapata moto tena hadi leo.

Hapo bibi yenu ananiuliza kutoka jikoni kama namweleza kijana dawa au najisifu. Nimemjibu kwamba kwa mtu wa kiwango changu, ni kitu kimoja.

Diski ya nje, watu watakwambia ni ya polepole. Wimbo wa 320 unahitaji kilobaiti 40 tu kwa sekunde, hata flashi kuukuu inaweza. Hatari yake iko kwenye waya. Korogwe, nikiwa kwenye kilele cha usiku, shangazi wa bibi harusi aliingia na kiuno chake kwenye meza yangu, akapita na waya mzima. Kimya! Watu mia tatu wananitazama. Unajua nilifanya nini? Nilishika maiki nikaimba mwenyewe, dakika nne, hadi mitambo iliporudi. Wengine wanasema watu walilia. Walilia, ndiyo, na sababu za machozi ni nyingi. Tangu hapo, nyimbo za usiku husika zinakaa ndani ya laptopu, ya nje ni akiba, na flashi moja yenye nyimbo hizo hizo inakaa mfukoni mwa shati.

Nilitaka nikupe pia siri ya "Mario" ya Franco na T.P.O.K. Jazz, ya mwaka 1985. Vijana wanaifuta kwa sababu inazidi dakika 10 na kula zaidi ya megabaiti 24. Wehu. Kwa megabaiti hizo unapata muda wa kula pilau ukiwa umekaa, kunawa, na kurudi kwa heshima zako. Ni wimbo pekee wenye

Mhariri ametuma ujumbe kwamba safu imejaa. Imejaa! Ndivyo alivyoandika. Basi, upesi: chambua nyimbo zote nyumbani Ijumaa usiku, maana programu ikitafuta mapigo na kuchora mawimbi papo hapo ndipo inapoelemewa, singeli ikague mwenyewe, programu inaweza kusoma mapigo nusu, bafa ipandishe hadi sampuli 1,024, ni milisekunde 23 tu na wewe hukwaruzi santuri, kama programu yako ni nzito, jaribu Mixxx, ni ya bure, ila ijaribu wiki ya kupumzika na si Jumamosi yenyewe, usisasishe kitu chochote siku ya kazi, chaja usiisahau.

Yule binti wa kanga ya machungwa ndiye huyu aliyeko jikoni, na anasema nikwambie kwamba laptopu yangu mimi ina nyimbo 61,000 na haijawaka tangu Februari. Sikutaka hilo liingie.

Msomaji wa Temeke aliyeuliza kuhusu spika na baba mwenye nyumba: wiki ijayo. Usihame kwanza.